Diski ya Kusoma na Kuandika

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii imewakuta wazima. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Habari za Baba nitazifikia taratibu.

Ndani ya kifurushi mna diski ya nje. Nimeivika soksi ya Baba isigongwe njiani. Usicheke, soksi ni safi.

Baba aliniomba nimrekodi video kwenye meza yake ya useremala. Nilidhani ataongea kidogo tu. Akaongea asubuhi nzima: jinsi ya kunoa patasi, siku uliyozaliwa, hata ule ugomvi wenu uliokutoa karakana. Likapatikana faili moja zito kama gogo. Diski ilikuwa ya FAT32, ikalikataa; fundi wa kompyuta akanieleza kwamba muundo huo haupokei faili linalozidi gigabaiti nne. Akashauri tulikate vipande. Baba akasema watu wamemkata kauli maisha yake yote, mashine haitamkata.

Tukaifomati kwa muundo wa NTFS, unaotumika kwenye kompyuta yangu. Faili likaingia zima. Ila fundi akasema kwenye kompyuta yako, kwa kuwa ni ya aina nyingine, utalitazama tu, hutaweza kuweka kitu chako humo. Nikaona haidhuru. Nikamsimulia Baba huku nikifunga boksi. Akaweka randa chini.

"Kwa hiyo ataniona," akasema, "lakini hataweza kunijibu?"

Nikamwambia simu zipo. Papo hapo nikaona aibu, maana najua tangu lini hampigiani.

Nikarudi kwa fundi. Tukalihifadhi faili pembeni kwanza, kwani kufomati hufuta kila kitu, kisha tukaifomati diski kwa muundo wa exFAT na kulirudisha faili. Hiyo inasomeka na kuandikika kwako na kwangu. Kasoro yake, haivumilii kuchomolewa ghafla. Nakujua kwa pupa, Kaka: iage kompyuta kwanza kwa kuiamuru iiachie diski, ndipo uchomoe waya.

Sasa lile alilonikataza Baba kukuambia kwa simu. Ile sauti yake ya kukwaruza niliyokuambia ni vumbi la mbao, ilikuwa uvimbe kooni. Amepasuliwa wiki iliyopita. Uvimbe umetoka wote, anakula, anatembea, na daktari ameridhika. Ila sauti imekwenda nao, haitarudi. Alirekodi akijua hivyo. Mimi alinificha hadi siku ya kumpeleka hospitali.

Mwishoni utamsikia akikuomba radhi. Hapo nilitoka nje nikawaachia yenu, kwa hiyo sijui amesemaje.

Nafasi iliyobaki kwenye diski ni kubwa. Rekodi lolote, hata watoto wakigombana. Masikio ya Baba ni mazima.

Mbusu wifi kwa niaba yangu. Baba yuko hapa kando. Ameigonga karatasi hii kwa kidole, nadhani anasema nisisahau kukusalimu.

Ni mimi,
mziwanda wenu