Mama Ageuzwe Saa Sita na Saa Nane

Wangwe na Oliver,

Nimeenda Migori na nesi Nyamoita kuchukua dawa ya Mama ya maumivu. Nitarudi jioni. Uji uko kwenye themosi. Mnywesheni kwa kijiko, polepole. Saa sita na saa nane mgeuzeni, ubavu huu kisha ule, kama nesi alivyoonyesha asubuhi.

Ah, samahani, hamkuona. Wangwe ulikuwa mlangoni umeziba pua, mwanamume mzima. Nesi amekanyaga matope kutoka barabara ya Kegonga, akaosha vidonda vya mgongoni vya mama ambaye si wake. Oliver ukamwuliza, "Si umrudishe tu hospitali?"

Akakujibu, "Hospitali imemaliza yake. Mimi nimekuja kuwafundisha nyinyi."

Hapo mkatoka nyote wawili, eti ng'ombe wanawangoja.

Glavu ziko hapa mezani, za waoga.

~~Mkishindwa, mwiteni jirani Susana.~~ Hapana. Si Susana aliyenyonyeshwa na Mama.

Mlipotoka, Mama aliniuliza kama wanawe bado wako safarini. Nikamdanganya kwamba mtafika leo mchana.

Basi fikeni, na mumshike mkono.

Dada yenu,
Bhoke