Redio Ndani ya Tangi

Msambweni, Jumanne jioni

Imesema! Daktari wa hapa hospitalini alishikilia kwamba redio niliyoitengeneza haitasikika kutoka zahanati ya Kinango, nyuma ya vilima, na bila redio ya kuita msaada wajawazito wa kule wataendelea kufa njiani. Gari la kwenda kuijaribu hatuna hadi Ijumaa. Basi leo nimeitia ndani ya tangi tupu la chuma, ili mawimbi yadhoofike kama yanavyodhoofika vilimani.

Bi Mwanasha, mkunga wetu, akakubali kuingia nayo. Mara mbili nikamwita kwa redio ya pili niliyobaki nayo nje, kimya. Nikakaza waya uliolegea kwenye redio yangu, na sauti yake ikatoka:

“Fundi, nakusikia! Nitoe, naungua kwa joto!”

Daktari akanipa mkono. “Ijumaa inakwenda Kinango.”

Na watu walisema ufundi huu uliondoka na Wazungu baada ya uhuru!

Vilima vya kweli bado naviogopa. Lakini nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.