Kiwango Alichokosa Somoe

Mpendwa kaka,

Somoe amepoteza nafasi ya darasa la tano. Aliipoteza Jumatatu ile ya wiki ya kufunga shule, majina yaliposomwa uwanjani naye akabaki amesimama, akingoja lake. Shikamoo. Hiyo ni haki yako kama mkubwa wangu, nimeitoa. Sasa nina langu.

Unakumbuka Chiwata, mama alipokuwa akitutuma tukafukuze ngedere kwenye mihogo? Wewe ulikuwa shuleni, mimi sikupelekwa. Ulinichorea herufi vumbini kwa kijiti: "Soma upesi wewe, ngedere wanamaliza shamba!" Nikasoma. Kila neno ninaloandika hapa lilianzia kwenye vumbi lile, kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa chuki. Nakuandikia kwa sababu nimehesabu, na hesabu inakataa.

Ulipokuja Mkomaindo likizo, ulikaa kwenye kigoda changu kando ya vitumbua ninavyouza sokoni, nikakuuliza serikali inataka mtoto wa darasa la nne ajue nini hasa, ndipo aende shule ya kati. Wewe ni mwalimu, niliuliza mwenye kujua. Ukanitajia: asome habari asiyowahi kuiona, aieleze kwa maneno yake, aandike barua ikaeleweka, azidishe na kugawanya namba kubwa, tena aonyeshe njia. Hapo kwenye njia ukacheka.

"Mama Somoe, huyu ni wewe mtupu. Anaandika jibu tu, kama yuko sokoni!"

Kweli. Nilimfundisha kwa mafungu ya mihogo, kichwani, maana mteja haulizi njia. Tukamrekebisha. Akawa anazidisha kwenye kibao chake huku akitaja kila hatua kwa sauti, hadi wanunuzi wakamzoea. "Moja mkononi!" walimwitikia, hata yule aliyefuata kitumbua kimoja.

Majina yaliposomwa bila lake, nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akasema mtoto hakufikia kiwango. Kiwango cha nini? Kusoma. Nikamwita Somoe, akasoma gazeti lililokuwa mezani pale pale, akalieleza. Basi ni hesabu. Akafanya, na njia akaionyesha. Basi ni umri. Umri! Kaka, katika yote uliyonitajia, umri haukuwamo. Mimi nimekaa sokoni vya kutosha. Mtu akibadili pishi ya kupimia mara tatu mbele yangu, najua kuna jambo.

Alipoona siondoki, akasema taratibu, "Lakini Mama Somoe, mbona mjomba wake ameshaulizwa?"

Nikamshika Somoe mkono, tukaondoka. Kwetu mtoto ni wa mjomba, sijakataa. Unyago wake, ndoa yake, neno la mwisho ni lako. Mwalimu yule ni mtu wa huku, hakuona haja ya kuniuliza mimi niliyemzaa. Ila mjomba aliulizwa nini, na alijibu nini? Likizo ile ile ulimtazama Somoe akipita na ndoo kichwani, ukasema, "Amekua huyu." Nilidhani unamsifu. Tangu uondoke, kuna mzee wa Makote mwenye mikorosho mingi, kila akija mjini ananisalimia kwa heshima nisiyojua imetoka wapi. Juzi kaniuliza, "Binti hajambo?" Binti yupi, na mabinti zangu ni watatu?

Labda nakusingizia. Natamani iwe hivyo, na ikiwa hivyo nitakuomba radhi mbele ya mama, nikipiga magoti. Wewe ndiye uliyenifungua macho, sitaki kuamini kwamba umeyafumba ya mwanangu.

Shule ya kati inafunguliwa Jumatatu, na mwalimu mkuu mwenyewe kakiri kwamba nafasi moja ya msichana bado haina mtu. Barua hii inakuja Newala kwa lori, na lori linarudi huku Ijumaa. Usinieleze habari za kiwango tena. Mpe dereva neno moja tu: ulisema Somoe asiendelee, ndiyo au hapana? Ijumaa jua likizama sijalipata, nitajua ni ndiyo, na Jumamosi nitampeleka shuleni mwenyewe akaandikwe kabla haijafunguliwa, kwa neno langu.

Mdogo wako,
Mama Somoe