Kidole cha Shangazi

Jumatatu, 4 Juni 1951
Kibuyu cha asubuhi nimekimaliza. Cha mchana kinanisubiri pale ukutani. Shangazi Kokushubira, dada yake baba, amekaa mlangoni na fimbo kama analinda mtama usiliwe na ndege. Bibi harusi hatoki. Halimi, hachoti maji, hata kufagia hafagii. Anakunywa maziwa, anapakwa samli, analala, mpaka anenepe. Harusi ni kahawa ikishavunwa. Mchumba wangu Anatoli ni karani wa baraza kule Bugene, na ng'ombe wake wa mahari wako zizini kwetu tayari. Nikienda kwake na mbavu hizi, watasema sisi wa hapa Bweranyange tunashinda njaa.

Nimechoka kulala. Afadhali jembe.

Jumatano, 6 Juni
Shangazi akienda kujisaidia, nasimama. Nachuchumaa, nainuka, mikono juu, kama tulivyofundishwa shule ya misheni. Miguu inataka kukimbia, basi. Leo amerudi mapema, akanikuta hewani. Kanichapa. Halafu akalia yeye! Eti kila nikiruka namwaga maziwa yake. Nikacheka. Nikachapwa tena.

Jumapili, 10 Juni
Wote kanisani. Mdogo wangu Jeneroza kaniachia kioo chake. Mashavu yamejaa, shingo imejaa. Nikajigeuza huku, nikajigeuza kule. Nimependeza, jamani. Sikutegemea kwamba nitapenda.

Alhamisi, 14 Juni
Miguu nayo imenenepa. Shangazi amebonyeza juu ya kifundo. Kidole kikazama, kikaacha shimo, na shimo likabaki. Akapiga vigelegele. Akamwita mama, mama naye akabonyeza. Shimo la pili. Wanasema mafuta yameshuka mpaka chini, si kila msichana anafika hapo. Walipotoka nikabonyeza mwenyewe. Nilijivuna.

Mazoezi nimeacha. Fimbo haikuniachisha, ila pumzi sina. Nikisimama tu nahema.

Jumatatu, 18 Juni
Shangazi yake Anatoli amekuja kunitazama. Shikamoo nimempa nikiwa nimekaa, kuinuka nimeshindwa. Kanibonyeza mguu, akaangalia shimo, akasema, "Huyu sasa ni mke." Wakala matoke, wakanywa rubisi, wakacheka. Mimi nilikuwa nawaombea waondoke.

Mkojo wangu umekuwa kidogo, na mweusi kama kahawa. Kulala chali siwezi, nakosa hewa. Nimemwambia mama. Mama kamwambia shangazi. Shangazi kasema maharusi wote hulalamika, hata yeye alilalamika, na mbona yuko hai. Kibuyu cha jioni nimekitapika. Kaleta kingine.

Ijumaa, 22 Juni
Jicho moja limeziba kabisa kwa uvimbe. Naandika kwa hili lililobaki. Kichwa kinapasuka. Naogopa kufa. Nimeandika, basi.

Mama hajawahi kumpinga wifi yake. Leo amesimama katikati ya nyumba, akasema mwanawe anapelekwa Kayanga kwa dresa, yule mganga wa zahanati. Shangazi akamshika mkono. Machela ikionekana njiani habari itafika Bugene leo leo, na nani anaoa mgonjwa? Mama akajibu, "Basi waoe mbuzi." Sijawahi kumsikia hivyo. Kaka zangu wako nje wanafunga machela. Shangazi kakaa palepale mlangoni, kajifunika uso. Namchukia. Na hata hivyo ni yeye aliyeniosha miguu asubuhi.

Jumapili, 24 Juni
Kayanga, zahanati. Dresa ni kijana wa Muleba. Amebonyeza palepale, likawa shimo. Yeye hakupiga vigelegele. Alimwuliza mama hali hii imeanza lini. Nikajibu mimi.

Ni maji, kasema. Si mafuta. Figo zimeumia. Maziwa hayakuleta ugonjwa, lakini tungekuja siku miguu ilipovimba, angekuwa na la kufanya zaidi. Siku ile tulikuwa tunashangilia. Mimi pia.

Ameniambia nisile chumvi na nipumzike. Nipumzike! Nilitaka kumtukana.

Jumamosi, 7 Julai
Bado niko Kayanga. Uso umepungua. Miguu bado. Mikono imebaki vijiti, hata bangili ya uchumba imedondoka. Mwanzoni dresa alikuwa anasema "ukipona". Siku hizi hasemi.

Anatoli hakuja. Ng'ombe hawarudi kwao pia. Baba na watu wa Bugene wameelewana, ataolewa Jeneroza badala yangu. Ameingia ndani juzi. Shangazi yuko mlangoni, vibuyu viko ukutani. Jeneroza anapenda kukimbia kuliko hata mimi. Sina wivu. Nilidhani nitakuwa nao.

Mama alipokuwa anaaga nimemshika nguo. Nimemwambia ambonyeze Jeneroza mguu kila asubuhi, yeye mwenyewe, asimwachie shangazi. Shimo likibaki, asipige vigelegele. Afunge machela.

Mama ameitikia kwa kichwa. Akanifunika miguu, akaondoka.