Pale Alipolala Mama

Ribe, Denmark,
9 Septemba 2018.

Mpendwa mdogo wangu Thorkild,

Hujambo huko Kanada? Mgongo wako je, bado unakusumbua? Mimi nyonga yangu imepona kiasi, natembea na fimbo. Najua miaka miwili hatujasemezana, na ningependa kuanza kwa habari njema. Sina.

Jumanne nilisema leo nakwenda kwa Mama, tena kwa miguu. Mawe ya barabara zetu unayajua, kila hatua roho mkononi. Jirani yangu Aksel akachungulia dirishani: "Bodil! Unakimbilia wapi na fimbo, kuna moto?" Nikamwambia afunge dirisha lake asije akapata mafua, akatukoholea mtaa mzima. Nilikuwa na furaha, Thorkild.

Nikapita kanisa kuu, nikapumzika darajani pale Mama alipozoea kutua kikapu. Nilibeba chungu cha yale maua ya zambarau aliyoyapenda.

Kaburi halipo. Nilidhani nimekosea mstari, nikarudi hadi langoni nikaanza upya. Kati ya kaburi la mzee Lauridsen na la wale mapacha pana kokoto tupu, zimepigwa reki vizuri. Jiwe la Mama limeondolewa. Nikakaa chini palepale.

Mwanamke mmoja mtunza makaburi akanijia. "Pole sana, bibi. Miaka ishirini iliyolipiwa kaburi lake iliisha. Tulichomeka kibao hapa mwaka mzima, kuwaomba ndugu waje kuandikisha tena. Hakuja mtu."

"Na jiwe?"

"Lilishasagwa, bibi."

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Usijilaumu eti wewe ndiye uliyeandikishwa na barua zao, kama alivyoniambia yule mtunza makaburi, zilikwenda kwenye anwani yako ya zamani. Kile kibao nilikiona. Kiangazi cha mwaka jana, kabla ya kufanyiwa upasuaji, nilikisoma kwa macho yangu haya. Nikasema moyoni: jina lililoandikishwa kwao ni la Thorkild, mwacheni ahangaike mwenyewe. Kukupigia simu nilishindwa, kwa sababu ya ule ugomvi wetu wa nani achukue kabati la Mama. Kabati, Thorkild! Nikaapa kwamba wewe ndiye utakayeanza kunitafuta. Basi kiburi changu kimemwondoa Mama mahali pake.

Nimelia hadi macho yamevimba. Maua nilimwachia mzee Lauridsen, ningefanyaje?

Nisalimie sana wifi Maureen na mwanetu Signe. Aksel naye anakusalimu, ingawa hajui ninayokuandikia. Mungu awape afya, na akulainishe moyo juu yangu.

Ulizoea kusema siku ukirudi utapitia kwanza kwa Mama, ndipo uje kwangu. Sasa sina pa kukupeleka. Njoo hivyo hivyo, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuomba radhi,
Bodil