Swali Ambalo Sikukuuliza, Mama

Mama yangu uliyelala Kibaoni,

Shikamoo. Najua wafu hawaitikii, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza nawe.

Unaikumbuka asubuhi ile, kabla ya vita, nilipokupeleka kwa daktari wa Kijerumani hapa Ifakara? Nilikuwa nikimwoshea vioo vya hadubini, chombo chake cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho, na kuwatafsiria wanawake wasiojua Kiswahili. Ulikuwa umekonda, na nguo zako ulizifua peke yako mtoni Lumemo, mbali na wenzio. Ulivaa kaniki mpya kana kwamba unakwenda harusini. Daktari akaniambia, "Muulize kama hutokwa na damu akilala na mumewe."

Uso uliniwaka. Mambo ya chumbani mtu huzungumza na babu au bibi yake, si na mama mzazi. Nikageuka, nikakuuliza kwa Kindamba kama unapata usingizi. Ukacheka kidogo. "Mwanangu, usingizi nao tangu lini?" Nikamgeukia daktari nikasema, "Anasema hapana." Akakupima, hakuona kidonda, akakupa dawa ya kuongeza damu. Njiani ulinishukuru. Ukasema, "Nimezaa mtu." Neno lile linanichoma mpaka leo.

Kisha vita vikaja. Baba alikunywa maji ya dawa, akapakwa mwilini, akaambiwa asimguse mwanamke hadi vita viishe, la sivyo maji yale hayatazuia risasi za Wajerumani. Akaondoka na wenzake kuelekea Mahenge, hakurudi. Askari wakachoma maghala, tukawa tunachimba mizizi porini, na wewe ukawa unaisha mbele ya macho yangu.

Daktari, aliyekuwa amekimbia vita, aliporudi nikakupeleka tena, nusu ya njia nimekubeba mgongoni. Alikata kinyama kidogo kutoka ndani ya shingo ya mji wa mimba, kidogo kuliko punje ya mchele, akakiloweka, akakikata kiwe chembamba kama utando wa kitunguu, akakitia rangi. Baada ya siku kadhaa aliniita nitazame. Niliona vijiduara vya zambarau, vingine vimepasuka na kuingiliana, chembe zake kubwa na ndogo zimepandana kama mbegu zilizomwagwa ovyo.

"Hii ni saratani," akasema. "Mara nyingi huanzia nje, kwenye ngozi ya mlango wa kizazi, ukaiona kwa macho. Hii imeanzia ndani, kwenye vitezi vinavyotoa ute. Tangu niwe daktari nimeiona mara mbili tu. Bila kuzitazama chembe nisingeijua." Akaniangalia. "Ilianza zamani. Lakini uliniambia hatokwi na damu."

Niliondoka, nikarudi nyumbani.

Nilikukuta umekaa mlangoni ukiota jua. Kabla sijafungua mdomo ukanishika mkono. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemuua baba yako. Alikwisha kunywa maji, akanijia, nami sikumkataa. Nikatoka damu. Damu yangu ndiyo iliyoyaharibu maji yake."

Jibu lilikuwa kinywani mwangu, Mama. Lakini kulitoa kulitaka kwanza nikiri kwamba niliwahi kuagizwa nikuulize habari ya damu hiyo, na mimi nikakujibia. Nikasema tu, "Pumzika, Mama. Yamekwisha." Siku ya nne tukakuzika, ukaondoka na mzigo usio wako.

Baadaye nilimkiria daktari kosa langu, akasema hata kama ningeuliza, pengine asingeweza kukuponya. Hata kwao wanawake wengi wanakufa kwa ugonjwa huo. Hilo halinifariji. Pengine sikukunyima uzima. Nilikunyima ukweli, mara mbili, ili mimi nisione haya.

Siku hizi nawauliza wote swali lile la damu. Wiki iliyopita mama mmoja wa kijiji cha Mbingu, mkubwa kuliko wewe, alinitemea mate miguuni. "Huna adabu! Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza," nikamwambia. "Naomba unijibu, mama." Alilia, kisha akajibu.

Barua hii nitawasomea wanawake wanaosubiri zamu barazani, wajue nilichokutendea. Watakaonidharau, wana haki.

Sasa nisikilize, kama unanisikia. Damu ile ilikuwa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe nimeuona kwa jicho langu. Baba aliuawa na risasi, pamoja na wanaume wengi ambao hawakuwagusa wake zao.

Hukumuua, Mama.

Lala salama.

Mimi, mwanao wa kwanza