Ufagio Niliomfungashia Minza

Minza wamemtoa kwenye ile nyumba! Mtoto wangu, wa kwanza hapa mtaani kwetu Nyasubi kwenda kusoma sekondari Ujerumani, tangu juzi analala kwa watu wengine, na mimi mama yake nimejua leo.

Haya, habari zenu. Leo ni Jumatano. Kahama kuna lile joto la kabla ya mvua, mawingu yamejaa na hayadondoshi kitu. Nimekaa barazani naandika kwa kidole kimoja. Blogu hii Minza ndiye aliyenifungulia kwenye simu kabla hajaondoka. Alisema, mama, maneno yako ni mengi, yaandike. Nimeandika miezi mitatu, na mnaonisoma mnajua nimeandika nini: sifa. Mtoto anaenda shule kwa baiskeli. Mtoto amejua kutenganisha takataka kwenye mapipa manne. Mtoto usiku anapewa mkate na jibini, baridi hivyo hivyo, anakula na kushukuru. Nyumbani kwao mbwa analala kwenye kochi kama mjomba. Sifuti hata neno moja. Mimi nimeishia darasa la saba, nauza dagaa wa Nkome sokoni, na mwanangu alishinda nafasi ile kwa kuandika insha kwa Kiingereza. Nisipojivuna mimi, ajivune nani?

Leo sina sifa.

Asubuhi nilikuwa nampimia mteja dagaa, simu ikaita. Ni yule mama mratibu wa Dar es Salaam, anayewasimamia watoto wa mpango huu wa kubadilishana wanafunzi. Nikaweka sauti ya nje, maana nilitaka majirani wa meza wasikie napigiwa kutoka Dar. Akasema, "Mama Minza, mtoto ni mzima, lakini tafuta mahali ukae." Nikatoa sauti ya nje. Nikakaa juu ya gunia.

Alinieleza hivi. Jirani wa ile familia amelalamika. Kila alfajiri, giza bado, baridi kali, anamwona mtoto wa Kiafrika ameinama nje anafagia majani yaliyoanguka, kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Wenye nyumba wamelala. Jirani akaona huyu mtoto amegeuzwa mtumishi, akaenda kusema. Watu wa ustawi wa watoto wakaja Jumatatu, wakamkalisha Minza sebuleni mbele ya wenye nyumba, wakamuuliza: nani anakutuma? Minza akainamisha kichwa akatazama sakafu. Wakauliza tena. Kimya. Wakaandika kwamba mtoto ana hofu, na jioni ile ile wakamhamishia kwa familia nyingine.

Unajua nilifanya nini? Nilipiga yowe. "Hausigeli! Mwanangu wamemfanya hausigeli!" Soko zima likageuka. Nikamtaja yule mama wa kule, ambaye mimi namwita Mama Jonas kwa jina la mwanawe, nikamsema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa maana na mchungaji wetu anasoma.

Mama Rehema, anayeuza mchele meza ya pili kutoka yangu, akaniuliza taratibu, "Kwani si juzi ulitwambia huyo mama anamkatalia Minza hata kuosha kikombe?"

Nikamjibu, "Wewe pima mchele wako."

Saa moja haijaisha, habari imefika Songwa, kule Kishapu, kwa wifi yangu aitwaye Kwangu. Huyo hakutaka hata salamu. "Wifi, vumbi la Kishapu limetuishia mpaka umpeleke mtoto akafagie la Wazungu?" Nikakata simu.

Na niseme ukweli, maana nimeahidi kuandika ukweli. Wakati napiga yowe lile, kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Miezi mitatu meseji za Minza zimejaa Mama Jonas. Mama Jonas amenifundisha kuendesha baiskeli. Mama Jonas amekaa na mimi tumesoma hesabu. Mama Jonas amenishonea kifungo. Nilikuwa nawasomea watu kwa majivuno, halafu nikifika nyumbani nanuna peke yangu. Kwa hiyo nilipoambiwa amekosea, nililishika hilo kosa lake kwa mikono miwili.

Mchana Minza akapiga kwa video. Nyuma yake ukuta ambao sijawahi kuuona. Macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Mama, si wewe uliniambia nifagie?"

Si wewe uliniambia.

Nimekaa na hayo maneno mchana wote, dagaa wamenikaukia juani na wateja wamepita. Kwa sababu ni kweli. Siku moja kabla hajasafiri nilimkalisha chini nikampa masharti. Jua lisikukute kitandani kwa watu. Amka kabla ya mwenye nyumba, fagia uwanja, wakitoka wakute pasafi, wasije wakasema Mama Minza amezaa mvivu. Mkubwa akikuhoji, inamisha macho, usijibizane. Na mambo ya nyumba ya watu usiyatoe nje hata kidogo. Nikamwapisha. Halafu nikafanya jambo ambalo sikumwambia hata baba yake: nilifunga ufagio wa nyasi kwa mikono yangu, mfupi mzuri, nikauweka kwenye begi katikati ya masweta. Nilisema huko Ulaya kuna mashine tu, mtoto atahangaika.

Ndio ufagio huo jirani aliouona.

Nikamuuliza, kwani Mama Jonas hakukukataza? Akasema, "Alinikataza, mama. Kila siku. Aliniambia acha, lala, pumzika. Nikajua ni heshima tu." Hapo nikashika kichwa. Wenzangu mnaelewa. Kwetu mwenye nyumba akikuambia "acha mwanangu, pumzika," hamaanishi uache. Anakuheshimu, na wewe unamheshimu kwa kuendelea. Ukiacha kweli, kesho yake uko midomoni mwa watu. Na Minza nimemlea mimi, hakuacha. Kadiri alivyokatazwa ndivyo alivyozidi kuwahi kuamka, ili yule mama asimkute. Mama wa watu anaomba kwa dhati, mtoto anadhani anajaribiwa.

Nimemlea vizuri mpaka amewaponza watu waliomtunza.

Sasa sikilizeni ugumu ulipo. Mratibu alinipigia tena saa kumi, nimeshafika nyumbani, akaniwekea mambo wazi. Nikinyamaza, Minza atabaki kwa hii familia mpya, atamaliza mwaka wake, hakuna atakayemgusa. Ila Mama Jonas ataandikwa kwamba alimtumikisha mtoto wa watu, na hatapokea mwanafunzi mwingine maisha yake yote. Nikisema ni mimi niliyemtuma, yule mama atasafishwa. Lakini wale watu watanigeukia mimi. Watauliza nyumbani tunamlea vipi, kwa nini tulimwapisha asiseme. Wanaweza kuamua kwamba mtoto hakuandaliwa, arudishwe. Mratibu hakunificha. Alisema, "Mama, siwezi kukuahidi atabaki."

Nikampigia Baba Minza. Yuko Geita kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, anapatikana akipanda juu tu. Alinisikiliza, akasema, "Mama Minza, nyamaza. Mtoto asome. Hao Wazungu watamalizana wenyewe." Si mtu mbaya, msije mkamfikiria vibaya. Anashuka shimoni kila siku ili yule mtoto asijue shimo. Nikamwambia, "Baba Minza, na huyo mama aliyemshonea mwanao kifungo?" Akasema atarudi kunipigia. Hajapiga.

Nimeogopa leo kuliko siku ya uchungu wa kumzaa.

Maana nimeshamwona anarudi. Nimeshaona begi linashuka stendi, Kwangu ameshika kiuno, watu wanauliza kwa upole ule wa kuchoma: vipi, amefukuzwa? Na mimi niliyewaringia wote, niliyesema chuo kikuu atasomea huko huko, nitaiweka wapi sura yangu? Hili nimeliwaza kabla ya kuwaza masomo yake. Nalo naliandika, nilione.

Lakini baadaye Minza alipiga tena, akaniuliza jambo moja. Aliuliza, "Mama, nikikaa huku nikijua Mama Jonas analia, hicho ninachosoma nitakisoma kwa kichwa kipi?" Miaka kumi na saba. Nilitaka kumkemea kwa kujibizana na mkubwa. Nikashindwa. Nikamwambia, mwanangu, yale masharti niliyokupa nayafuta. Wakikuita tena, nyanyua uso, watazame, waeleze kila kitu hata kama kinanihusu mimi. Alilia. Na mimi nililia, bando likaisha katikati.

Nikampigia mratibu, nikasema nitazungumza; akasema atapanga kikao cha simu na wale watu wa ustawi.

Kisha nikafanya gumu kuliko hilo: nilirudi sokoni. Nilisimama mbele ya meza yangu nikasema kwa sauti ile ile ya asubuhi kwamba yule mama nimemsingizia, mwenye kosa ni mimi, na nitalisema hilo kwenye kikao. Muuza nyanya akacheka. Mwingine akasema, "Leo Mama Minza kaishiwa sifa!" Mama Rehema hakucheka. Alikuja akaniuliza tu, "Kikao lini, na wanaruhusu mashahidi? Maana mimi wangu wanne wote wanafagia kabla ya adhana, nitawaambia." Nilimshika mkono. Nami asubuhi nilimwambia apime mchele wake.

Wanaruhusu. Mratibu amesema anayemfahamu Minza anaweza kukaa mbele ya simu pamoja nami, yeye atatafsiri. Mama Rehema atafunga meza mapema. Mwalimu wa Kiingereza wa Minza amekubali, atakuja na madaftari yake ya zamani. Kwangu amepiga tena, sauti imeshuka, anasema anatoka Songwa na basi la asubuhi, nisiazime viti kwa watu, atanipangia yeye. Kule watakaa Minza na wale wa ustawi, na Mama Jonas mwenyewe, ambaye sijawahi kumwona uso kwa uso. Na sasa hivi, naandika hapa, meseji ya Baba Minza imeingia. Hasemi amekubali wala amekataa. Anauliza gari la mwisho la kutoka Geita, na siku gani hasa awe amefika.

Nimemjibu: wote tunakutana Ijumaa, saa tisa alasiri.